Mwenye Shimo Amesema Hapana

Kabla hujaanza kukunja uso, nakuapia kwa macho yangu haya mawili kwamba hakuna neno la uongo katika haya utakayoyasoma. Sehemu nyingine nimezipunguza makali ili zisikushtue. Asiyeamini aje hapa Musoma anishike mkono wa kulia. Baridi ya kule haijanitoka mpaka leo, na umeme ukikatika majirani huniletea soda niwashikie.

Nilikuwa fundi wa majokofu. Sikusomea popote, friji mbovu zilikuwa ndizo walimu wangu, na zilichapa kweli kweli. Nilipostaafu kutoka kiwanda cha minofu ya sangara, nikasikia kuna shirika linatafuta watu wa kwenda kulinda baridi kwenye pwani ya juu kabisa ya dunia, kwa wavuvi wa Kiinuiti wa kijiji kiitwacho Sinaaruk. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Wameishiwa barafu, wanaagiza Musoma?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi wabebee na ya kwenye friji yetu, imejaa."

Ukweli wenyewe haukuchekesha. Ardhi ya kule, iliyoganda tangu enzi za mababu wa mababu zao, ilikuwa imeanza kulainika kama ugali ulioongezwa maji. Watu wa Sinaaruk huchimba shimo refu ndani ya ardhi hiyo na kuhifadhi humo samaki wa mwaka mzima. Sasa mashimo yalikuwa yakitoka jasho, na samaki wananuka.

Ndege ndogo ilinitua kando ya bahari ya rangi ya bati. Aliyenipokea alikuwa Kunuk, mwanamume mpana mwenye ndevu zenye umande, nahodha wa wavuvi pale. Akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Kwa hiyo umetoka kwenye jua kuja kutufundisha baridi," alisema.

"Nimekuja kuiona kwanza. Kwetu tunaisikia redioni tu."

Akacheka, akachukua begi langu. "Twende. Lazima kaka yangu akuone. Yeye ndiye mwenye shimo."

Nikajiandaa kukutana na mzee. Nyumbani mwao nikamkuta mama mmoja mtu mzima anashona buti la ngozi ya sili, mnyama wa bahari ile ya baridi, na binti yake amesimama jikoni. Chini ya meza alikaa mtoto wa kike ambaye meno ya utotoni bado yalikuwa mapya, amevaa sufuria kichwani.

"Kaka," Kunuk akamwambia yule mtoto kwa adabu kabisa, "mgeni amefika. Tafadhali vaa suruali."

"Baba, mpishe mgeni apite," akaongeza yule binti wa jikoni, Piujuq, ambaye ndiye aliyemzaa.

Yule mama mtu mzima, Atuat, hakuinua macho kutoka kwenye buti. "Mume wangu," alisema, "ukiwa na sufuria hiyo tutapikia nini?"

Mtu mwingine angedhani amefika kwa wagonjwa. Mimi nilielewa pale pale. Mumewe Atuat, mzee Tulugak, alikuwa amekufa, na mtoto aliyezaliwa baada yake akapewa jina lake. Kule jina haliendi peke yake, linakwenda na mwenyewe. Na mimi je? Binti yangu alimzaa Nyangeta, akampa jina la marehemu mama yangu, na tangu siku hiyo ninamwita mama, akinuna ninambembeleza kama mama, na sijawahi kuthubutu kumchapa.

Nikavua kofia, nikainama mpaka usawa wa meza. "Shikamoo, babu."

Mtoto akanitazama kutoka chini ya sufuria. Kisha akaivua, akanipa.

Atuat akaacha kushona. Jioni hiyo alinitengea kichwa cha samaki, na kule kichwa hapewi mpita njia. Nilikula mashavu, nikala macho, nikafyonza mifupa. Sijawahi kuketi ugenini nikajiona nimerudi nyumbani namna ile.

*

Sasa nikueleze shimo, maana bila hilo hutaelewa tulivyopatikana.

Watu wengi hudhani jokofu hutengeneza baridi. Baridi haitengenezwi. Kinachofanyika ni kulihamisha joto kutoka mahali lisipotakiwa na kulitupa nje. Kwenye shimo la Sinaaruk mabomba yalizama ardhini kama mizizi, yakifyonza joto na kulipandisha juu. Kazi yangu ilikuwa mabomba hayo na pampu zake.

Iliyoamua lini yavute na lini mlango ufunguke ilikuwa mashine. Waliiita Sikio. Ilikaa ukutani mwa kibanda cha mlangoni, haina kioo, haina vitufe, ina matundu ya kusikia na sauti ya mtu aliyeshiba. Waliponunuliwa mashine kijiji kizima kiligoma kupewa namba za siri. Walisema wao wanafahamiana kwa namna wanavyoitana, basi na mashine ijifunze hivyo. Ikajifunza. Ilisikiliza nani anamwita nani mjomba, nani shemeji, nani mama, na kwa hayo ikajua nani achukue samaki wa nani. Mwenye neno la mwisho akawa mzee Tulugak, na Sikio ikamwita Mwenye Shimo.

Mzee alikuwa na moyo laini. Ndugu walimjia na nyimbo na machozi, naye akagawa samaki mpaka mkewe akamnunia. Kwa hiyo aliiambia Sikio: "Nikiwa ninabembelezwa, neno langu usilifuate."

Akafa. Akaja mtoto. Kijiji kizima kikaendelea kumwita kaka, baba, mume wangu, mjomba. Sikio ikasikia. Kwa akili yake, Mwenye Shimo alikuwa amebadilika sauti tu.

Hakuna aliyeliona tatizo, maana siku za kawaida mlango ulifunguliwa kwa yeyote wa pale. Mpaka mwaka ule niliokuwapo, bahari ilipokataa kuganda. Badala ya theluji ikaja mvua ya uvuguvugu, katika msimu ambao hata mate yangepaswa kudondoka yakiwa gololi. Kunuk alikuwa amembeba mtoto begani kwenda kutoa samaki. Sikio ikauliza, kama ilivyofundishwa kuuliza siku za hatari:

"Mwenye Shimo, mvua imekuja juu ya theluji. Nifunge au niache?"

Mtoto alikuwa kwenye umri ule wa kupenda milango. "Funga," alisema.

Sikio ikamwaga maji kwenye mlango wa ndani na mlango wa nje, ikayagandisha, unene wa mkono wangu kutoka bega mpaka ncha ya kidole. Kunuk alibaki ameshika ndoo tupu.

"Kaka," alisema, "hebu iambie ifungue."

"Hapana," mtoto akajibu, kwa furaha ya mtu aliyegundua neno lina nguvu.

*

Walimwimbia. Walimletea mwana wa mbwa. Piujuq alimpigia magoti. Hatimaye akasema, "Haya, fungua," nasi tukashangilia, na Sikio ikatamka kwa upole: "Mwenye Shimo anabembelezwa." Mlango haukutikisika.

Shoka lingeweza kuvunja ile barafu, Kunuk alitaka. Nikamkatalia. Kuvunja milango yote miwili mvua ile ikinyesha kungeingiza maji na joto mpaka chini, na samaki wa mwaka mzima wangekuwa uji. Sikio peke yake ndiyo ingeweza kufungua mmoja huku ikishikilia mwingine. Nikajaribu kuizunguka kwa nyaya. Nilichofanikiwa ni kujipiga shoti, nikakaa nikiona nyota mchana.

Baharini kulikuwa na barafu ya tope. Mtumbwi haupiti, mguu haukanyagi. Uwanja wa ndege ukawa bwawa. Unga ukaisha, chai ikawa maji ya moto yenye kumbukumbu. Mbwa walipewa ngozi kuukuu watafune. Na kila jioni Atuat alichota supu ya mwisho wa mifupa, akaanza na bakuli langu.

"Mama, mimi mgeni, naweza kungoja."

"Mgeni hajui kungoja kwetu. Kula."

Nilikula nikitazama bakuli la Piujuq, ambamo sehemu kubwa ilikuwa mvuke.

Kwa redio tukawapata waliounda mashine. Akajibu dada mmoja mjini, mwenye sauti njema kabisa.

"Mbona jambo dogo," alisema. "Mtu mmoja wa pale aiambie Sikio ukweli: mzee Tulugak amekufa, na huyu ni mtoto tu. Itachagua mwenye shimo mwingine. Msirudie mara mbili, moja inatosha."

Piujuq akamvuta mwanawe mapajani. Yule dada akauliza kama tumemsikia.

"Tumekusikia," Kunuk akasema, akazima redio.

Kunuk ndiye aliyeanza. "Watu watalala na njaa kwa sababu ya neno moja?"

"Liseme basi," Piujuq akamjibu. "Mwambie kaka yako amekufa. Si yuko hapa, anakusikiliza."

Kunuk akamtazama mtoto. Mtoto akamwonyesha kidole alichokuwa akikinyonya. Kunuk akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nilifahamu wanachokiogopa. Jina likikataliwa huondoka, na mtoto aliyeachwa na jina hudhoofu. Unaweza kuliamini hilo au usiliamini. Lakini hata bila hilo, Sikio isingesahau. Kila Atuat atakapokwenda shimoni na yule mtoto, mashine ingesema, kwa ile sauti yake ya kushiba, "Karibu, bibi na mjukuu wako." Kila siku, mpaka kufa kwake.

Kunuk akanigeukia. "Fundi. Wewe si wa hapa. Kinywani mwako ni maneno tu. Na Sikio imeshakusikia ukimwita babu, itakupokea."

Nikamtazama Atuat. Alikuwa anakung'uta ile sufuria, mkono wake mmoja uko juu ya kichwa cha mtoto.

"Sitakuzuia," alisema. "Wenye njaa ni wengi, na mimi ni mmoja. Ukisema, nitasikia, na nitakutengea chakula kama kawaida."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza.

*

Nilikwenda kibandani siku ya pili, kwenye ule mwanga mfinyu ambao kule huuita mchana. Mvua ilikuwa ikigonga bati, sauti ya nyumbani kabisa. Nikavuta kreti, nikaketi mbele ya Sikio. Maneno nilikuwa nimeyakariri kwa lugha yao. Yalikuwa mafupi.

Nikafungua kinywa. Nikamwona Nyangeta wangu, amekaa kwenye kigoda cha mama yangu, na fundi fulani wa kutoka mbali anaingia, kala chakula chetu, kafuta mdomo, kisha anamwambia kila aliyemo: huyu si mama yenu, mama yenu alioza zamani. Ni kweli tupu. Ni aina ya ukweli ambao ningemtolea panga.

Na papo hapo nikaliona bakuli la Piujuq lenye mvuke.

Nimesuluhisha mambo mengi maishani kwa kugonga kitu na nyundo. Pale hapakuwa na cha kugonga. Nikafunga kinywa, nikafungua, nikafunga, kama sangara aliyetupwa ufukweni.

Mlango ukalia. Atuat aliingia na mtoto, nyuma yao Piujuq na Kunuk. Nadhani walikuja ili nisiseme nikiwa peke yangu. Hata kuumizwa walitaka tuumizwe pamoja. Mtoto akaja moja kwa moja, akasimama kati ya magoti yangu.

"Unafanya nini?" akaniuliza.

"Ninawaza samaki, babu."

"Samaki gani?"

"Wa kwetu. Anaitwa sangara. Nilimvua mmoja, kichwa chake tulikifunga kamba Musoma, mkia bado ulikuwa Ukerewe unawapungia watu."

Akafikiri. "Kama nyangumi?"

"Nyangumi? Huyu alikuwa na nyangumi wawili kwenye nywele. Akijikuna tu, wanadondoka."

"Samaki hana nywele."

"Wa kwetu wanasuka."

Kunuk akakohoa. Nikaendelea, maana nikianza huwa siwezi kusimama. Nikasimulia tulivyomvuta kwa treni tatu, tulivyolala kwenye sikio lake mvua iliponyesha, jinsi jicho lake moja lilivyotumika kama uwanja wa mpira na timu ya ugenini ikalalamika kwamba linakonyeza. Mtoto alisikiliza amekunja uso, kama hakimu. Macho yake yakatoka kwangu, yakaenda kwenye mlango wa barafu, yakarudi.

"Wangu wakubwa zaidi," alisema.

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu: nionyeshe. Neno moja. Nikalimeza, nalo lilishuka kama mfupa.

"Inawezekana, babu," nilisema. "Mimi sikatai."

Akakasirika, kwa sababu mtu asiyekataa hana raha kubishana naye. Akanigeuzia mgongo, akaukabili ukuta.

"Sikio. Fungua. Nataka samaki wangu."

Sikio haikufungua.

"Mgeni," ikasema, na hapo nikajua inaniongelesha mimi, "hadithi hii umeisimulia ili Mwenye Shimo afungue?"

Nikapaliwa. Kabla sijakohoa vizuri, Kunuk alishanijibia.

"Huyu? Huyu ndivyo alivyo. Aliniambia kwao mamba hupanga foleni kisimani, wazee kwanza."

"Mimi aliniambia jua la kwao hufungwa kamba jioni lisitoroke," akasema Piujuq.

"Ninazo hadithi zake zote," Sikio ikasema. "Nimezipitia. Hakuna hata moja iliyokuwa na haja yoyote."

Sijawahi kutukanwa vizuri vile. Pampu zikanguruma chini ya miguu yetu, kingo za barafu zikaanza kutoa machozi, na mlango wa nje ukaachia kwa sauti ya mfupa mkavu. Harufu ya samaki safi ikatufikia. Kunuk alishika ndoo, lakini hakuingia. Alimwacha kaka yake atangulie. Mtoto akaenda mpaka mlango wa pili, akangoja ufunguke, akarudi amekumbatia samaki mwekundu karibu alingane naye kimo, akanitupia mapajani.

"Ona."

"Nimeona, babu. Wa kwangu alikuwa dagaa."

Piujuq alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, anachagua samaki kwa mikono yote miwili, huyu wa yule jirani, huyu wa mbwa. Nilibaki nimekaa pale, samaki mapajani, maji ya barafu yakiniingia kwenye suruali, na nikashukuru kwa Kijita, kwa Kiswahili na kwa lugha yao, kwa mpangilio huo, nikiogopa moja isije ikakosa njia.

Nilipoinua macho, Atuat alikuwa amesimama mbele yangu. Yeye hakuwa amenitolea ushahidi kwa Sikio.

"Ulitaka afungue," alisema.

Sikio ilikuwa juu ya bega lake, inasikia kila pumzi. Milango ilikuwa ikifunguka kwa zamu. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na ushahidi wa kijiji kizima kwamba mimi ni mwongo asiye na lengo. Lakini aliyeniuliza ndiye aliyenitengea kichwa cha samaki.

"Nilitaka, mama. Tangu kwenye zile nywele."

Kunuk akaganda mlangoni na ndoo yake.

"Nimesikia," Sikio ikasema. "Mwenye Shimo amebembelezwa."

Pampu zikabadilisha mngurumo. Atuat hakuharakisha. Aliweka kiganja ukutani, kama mtu anayemtuliza mbwa wake.

"Amebembelezwa, ndiyo," aliiambia. "Na wewe unakumbuka mume wangu aliwafanyaje waliombembeleza nikiwapo."

Sikio ikajibu: "Nakumbuka. Walilipa. Kisha akawapa."

"Basi acha mlango. Huyu analipa sasa." Akanigeukia. "Inama, Fundi."

"Nilipe nini, mama?"

"Anayembembeleza humbeba mgongoni mpaka nyumbani, kwa njia ya mbali, ili kila nyumba imwone mwongo anavyofanana. Mume wangu alikuwa na tumbo kama pipa la mafuta. Watu waliwahi kuteguka." Akampandisha mtoto mgongoni pangu, akamfunga kwa mtandio wake mwenyewe, akakaza fundo. "Una bahati umekuja mwaka huu."

Tukatoka mvuani. Tope lilifika magotini. Babu yangu alinishika masikio yote mawili na kuniongoza kwayo, kushoto, kulia, kushoto tena pale ambapo hapakuwa na njia. Watu walitoka milangoni na samaki mikononi, wakatazama, wakapiga makofi. Kunuk alitembea nyuma yetu akitangaza kosa langu kwa sauti ya mnadi, na kila nyumba alimwongezea sangara urefu. Atuat alikuja mwisho, polepole, na nilimsikia akimwambia mumewe asinivute sana, masikio yenyewe nimebakiwa na mawili.